Flashi Iliyodai Ina Gunia Moja Zaidi

Kijiwe chetu kiko Bwera, kando ya barabara inayoteremkia mpaka wa Mpondwe, mbele ya kibanda cha Salmah, ambaye kahawa yake ya tangawizi ni kali kiasi cha kumwamsha mtu aliyelala Kasindi ng'ambo. Benchi ni ubao mmoja uliochongewa watu wanne; sisi hukaa sita, na anayeinuka ghafla humwangusha wa pembeni. Jumamosi hiyo kila mtu alikaa kwa adabu kwa sababu katikati yetu alikuwepo bwana harusi. Kule, kijana anayefungasha saruji kiwandani na ambaye kijiweni jina lake ni Vumbi, alikuwa amevaa kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake, na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mchana huo alitakiwa Karambi kwa wazazi wa Alisi, kujitambulisha rasmi. Mkononi alishika flashi ndogo ya kijani. Ndani ya flashi mlikuwa na wimbo, na bila wimbo hakuna mke.

Hilo la wimbo lazima nilieleze, maana hata Salmah alipolisikia mara ya kwanza alidhani Kule ana homa. Shangazi wa Alisi, Senga Ninsiima, ndiye aliyekabidhiwa lango la siku hiyo. Upande wa bwana harusi ukifika hukuta kamba imefungwa langoni, na haukatiwi mpaka mwenye lango aridhike. Sasa huyu senga alimwita Kule mapema akamwambia kwamba amechoka kuona vijana wanaingia kwenye boma la watu wakicheza wimbo uliotungiwa mke wa mwanamume mwingine huko Kampala. Alisi ana jina lake. Akisikia wimbo wenye jina hilo, kamba ataikata. Asiposikia, wageni watanywea soda zao barabarani na kurudi walikotoka.

Kule akavuka mpaka, akamtafuta prodyuza mmoja wa Kasindi, akatungiwa wimbo wenye jina la Alisi katika kila mstari, hata pale ambapo mwimbaji alitakiwa apumue. Prodyuza akautia kwenye flashi, akafunga studio yake, akaenda Butembo kwenye msiba, na tangu hapo simu yake haipatikani.

Tonny, tunayemwita Disko, ndiye mwenye muziki wa sherehe. Pikapu yake ilikuwa imeegeshwa pale pale, spika nne nyuma zimefungwa kamba kama ng'ombe wa kupelekwa mnadani, na muziki wote hutoka kwenye kompyuta yake ya kukunja. Aliichomeka flashi asubuhi. Kompyuta ikasimama. Kale kamduara ka kusubiri kakatokea katikati ya kioo, kakazunguka, kakazunguka, na hakuna kingine kilichotokea duniani. Akaichomoa, akaichomeka kwenye kiredio cha Salmah cha kibandani. Wimbo ukaimba, Alisi, Alisi, mtamu kama mkate wa asali. Akairudisha kwenye kompyuta. Kamduara.

Hapo ndipo ilipoanza huduma ya kwanza. Wanaume wa hapa wote tunaamini kwamba flashi ikikataa, dawa yake ni kuipuliza. Disko aliipuliza kama anazima mshumaa. Karuhanga aliipuliza kama anapiga filimbi ya gwaride. Huyu tunamwita Afande ingawa hajawahi kuwa askari, alilinda geti la kiwanda tu, ila sauti alipewa ya jenerali. Ukasha, mfanyabiashara wa vitenge ambaye amezaliwa ng'ambo na kulala Bwera, aliipuliza akiwa amefumba macho kama anaiombea. Kule aliipuliza mpaka kanzu ikatikisika. Na mimi niliipuliza, sitaki kudanganya, na nilikuwa nimetoka kula karanga.

Kamduara.

Salmah alijitolea kiredio chake kiende Karambi, kiwekewe maikrofoni mbele. Wazo lilikuwa zuri, lakini sisi wateja tunakijua kile kiredio. Ndani yake anaishi mwanamke mmoja ambaye kila baada ya muda mfupi hutangaza kwa Kiingereza kwamba betri inakwisha, hata kikiwa kimechomekwa kwenye umeme. Kule alifumba macho, akamwona Senga Ninsiima amenyanyua mkasi, na yule mwanamke anakatiza wimbo kutangaza kifo cha betri mbele ya wazee wa ukoo. Akasema hapana.

— Basi ni virusi, alisema Disko. Flashi imepita mpakani, imeshika mafua.

— Mafua gani yanashika kompyuta yanaacha redio? aliuliza Salmah.

— Redio yako imezoea. Inakaa kwa moshi kila siku.

Salmah alikuwa na maelezo yake mwenyewe. Kwa maoni yake, kompyuta ya Disko imecheza kwenye harusi za watu wengi mno bila yenyewe kupata hata mchumba, na safari hii wimbo ni mtamu kupita kiasi, imeshindwa kuumeza. Mimi niliunga mkono hoja hiyo, nikaongeza kwamba hata mimi nina shemeji ambaye akiona watu wanapendana hukaa kimya akizungusha macho hivyo hivyo. Disko aliifunika kompyuta yake kwa leso, kana kwamba itasikia.

Ukasha aliweka kikombe chini. Ukasha akiweka kikombe chini, anakwenda kusema jambo refu.

— Munakosea wote. Ile flashi iko ya Kongo. Kompyuta iko ya Uganda. Inaingia tu, inaanza kuulizwa: weye nani, unatoka wapi, unabeba nini. Kitu ya Kongo haipendi maswali. Mimi mwenyewe bakiniuliza sana pale dwane, kwa forodha, ninasahau mpaka jina ya mama yangu.

— Na redio?

— Redio haiulizi kitu. Redio iko mutu wa amani.

Tulicheka, na Kule pia alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye homa. Afande hakucheka. Alitamka kwamba hili ni suala la nidhamu, akaichukua flashi, akaisimamisha juu ya meza ya Salmah.

— Wewe. Simama wima. Jitambulishe.

Flashi haikujitambulisha.

— Munaona? Iko kimya kwa afisa. Hii ni jeuri.

Akatuamuru tumpe simu ya Salmah, ile kubwa yenye kioo kilichopasuka, pamoja na kawaya ka kuunganishia flashi, kwa sababu kama kompyuta imeshindwa, simu itaihoji yenyewe. Tukaunganisha. Simu ikafikiri. Kisha ikaleta maneno ya Kiingereza, mistari miwili, na chini yake vibonye viwili, ndiyo na hapana.

Sasa hapa lazima ujue tabia yetu sisi watu wa mpakani. Mtoto wa Bwera hufundishwa mapema kwamba ukiulizwa swali kwa Kiingereza na chochote chenye mamlaka, jibu ni ndiyo bwana mkubwa, halafu unapita. Usisome, usifikiri, maana foleni nyuma yako ni ndefu. Afande ameishi hivyo miaka yote na hajawahi kukwama. Kidole gumba chake kilishaanza safari ya kwenda kwenye ndiyo wakati Kule, ambaye kiwandani husoma maandishi ya mitambo, alipoyapitishia macho maneno yale. Simu ilikuwa inasema flashi haisomeki, na inauliza kama iifute yote na kuiandaa upya.

Kule aliruka. Aliporuka, benchi likainuka upande mmoja, Ukasha akateleza akakaa chini kwenye vumbi pamoja na kikombe chake, na Afande akamwagikiwa kahawa ya moto kwenye kidole kile kile. Kidole kikaenda mdomoni badala ya kwenye simu. Hivyo ndivyo Alisi alivyookolewa.

— Ulitaka kufuta mke wangu, alisema Kule, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

— Mimi nilijibu swali, alisema Afande na kidole mdomoni. Liliuliza kwa heshima.

Baada ya hapo mzaha ulipoa. Jua lilikuwa limeshavuka juu ya vichwa vyetu. Akina mama wa upande wa Kule, waliobeba vikapu vyao vya zawadi, walikuwa wanapiga simu kutoka stendi wakiuliza kama waanze kupanda gari au wakae. Kule aliifumbata flashi kwenye kiganja, akaniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, kwamba labda ni Mungu anasema huyu mwanamke si wako. Nikamwambia Mungu akitaka kusema jambo kubwa kama hilo hawezi kupitia kitu kidogo hivyo cha plastiki kilichotengenezwa haraka haraka. Sikuwa na uhakika, lakini nilisema kwa sauti ya uhakika.

Ndipo Immy aliposhuka kwenye boda. Immy ni binamu yake Disko, amesomea kompyuta chuo kikuu, anatengeneza mashine za maofisi kule Kasese mjini, na hajawahi hata siku moja kujifanya hajui anachojua. Alikuja kwa sherehe, nywele zimesukwa upya, gomesi ya zambarau imechomoza mabega kama mbawa. Alitutazama mmoja mmoja. Aliitazama flashi. Aliinusa.

— Nani amekula karanga?

Nikatazama milima.

— Mmeipuliza, alisema. Wanaume wazima. Kila mwaka naambia watu, usipulize, unaitia mate. Tonny, leta hiyo kompyuta, na wewe bwana harusi kaa, unanitia kizunguzungu.

Ni yeye aliyemwekea Disko mfumo wa Linux kwenye ile kompyuta, baada ya virusi kuila mara tatu, kwa hiyo alijua njia zake za nyuma. Alifungua dirisha jeusi lisilo na picha, maandishi meupe yakaanza kushuka kama mvua ya Ruwenzori, akasoma, akasonya, akasoma tena. Kisha akacheka kwa nguvu hata boda wawili waliokuwa wanasubiri abiria wakasogea kuona.

Alisema flashi haijaharibika, haina mafua, na haina jeuri. Ina tabia. Na akamwambia Ukasha kwamba kati yetu wote yeye ndiye aliyekaribia ukweli, jambo ambalo Ukasha amelirudia kila siku tangu hapo.

Tulivyomwelewa sisi ni hivi. Ndani ya kompyuta kuna kiprogramu kinaitwa draiva, na kazi yake ni kama ya afisa wa forodha. Kitu chochote kikichomekwa, draiva inakisimamisha, inauliza jina lake, ukoo wake, na mzigo wake. Mzigo wa flashi umepangwa kama magunia, moja baada ya jingine, na kila gunia lina namba.

— Sasa sikilizeni vizuri, alisema Immy. Draiva haiulizi una magunia mangapi. Inauliza, gunia lako la mwisho ni namba ngapi. Na kompyuta inaanza kuhesabu kwa sifuri.

— Sifuri iko gunia? aliuliza Afande.

— Kwa kompyuta iko gunia. Ona vikombe. Akapanga vikombe vyetu vinne kwenye ubao, pamoja na changu nilichokuwa nimekishika. Sifuri, moja, mbili, tatu. Viko vinne, lakini cha mwisho kinaitwa tatu. Flashi ya Kule ikiulizwa cha mwisho ni namba ngapi, inasema nne.

— Inadanganya, alisema Salmah.

— Haidanganyi, haijaelewa swali. Draiva inasema sawa, twende tukaangalie hilo namba nne, kwa sababu mara nyingine kule mwishoni huwekwa nakala ya ramani ya mzigo. Inafika, hakuna gunia. Inauliza, liko wapi? Flashi inaona aibu, inazimia. Draiva inasubiri jibu. Flashi imezimia. Ndiyo huo mduara wenu wa tangu asubuhi.

— Na redio yangu?

— Redio yako inapita njia ya panya. Haiulizi mwisho. Inaingia, inakuta wimbo hapo mwanzo, inaimba.

Salmah alikipangusa kiredio chake kwa heshima mpya.

Ukasha alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba maji ya Mto Lubiriha yamegeuka yanapanda mlima.

— Madamu Immy, pole pole. Mimi ninavuka hii mupaka tangu nikiwa mutoto. Nimeona mutu anaficha kitenge ndani ya muhogo. Nimeona mama anavaa nguo saba, anasema iko na baridi. Kila mutu anatangaza kidogo kuliko ile iko nayo. Lakini mutu wa kutangaza mingi kuliko ile iko nayo, hapana. Hata mulevi.

— Na flashi imefanya.

— Kwa nini?

Swali hilo lilituua. Kijiwe kizima kililala juu yake. Afande alisema ni majivuno ya kawaida, kama kijana aliyepata kazi juzi. Disko alisema hapana, ni hofu, flashi imeona afisa ikababaika, ikataja namba ya juu ili imfurahishe. Ukasha alikataa yote mawili, akasema labda ile flashi iliwahi kuwa na gunia hilo kweli, likaibiwa njiani kutoka China, na yenyewe bado haijajua, masikini. Salmah alikwenda mbali zaidi: gunia la mwisho lipo, ila ni la Alisi, na halitaonekana mpaka aolewe. Mimi nilipendekeza tulitafute chini ya benchi.

Immy alisema aliyetengeneza flashi alisoma swali haraka haraka, akajibu hesabu badala ya namba ya mwisho, akaijaribu kwenye mashine ambayo haiendi kuangalia mwisho, ikaimba, akazitia kwenye katoni maelfu kwa maelfu. Na wala si hii peke yake. Wanaoandika hizi draiva, alisema, ni watu waliotapakaa dunia nzima, na kila siku wanakutana na kifaa chenye wazimu wake. Kuna flashi ukiimegea tonge kubwa inakabwa, lazima uilishe kidogo kidogo. Kuna inayosema imefungwa kufuli wakati iko wazi kabisa.

— Huyo ni mke wa kaka yangu, alisema Disko.

Kuna isiyotaka kusemeshwa ikiamka, lazima uisubiri itulie.

— Huyo ni mimi, alisema Afande.

Kuna modemu ambayo ukiichomeka inajifanya ni sidii, mpaka uiambie tumekujua, vua hiyo kofia. Kila mmoja wetu alikuwa na ndugu wa namna hiyo, na tungekaa hapo kuwataja mpaka Jumapili. Immy alieleza kwamba waandishi wa draiva hawavitupi vifaa hivyo wala hawawezi kuviendea viwandani kuvikemea. Wanaiambia draiva tu: ukimwona fulani wa ukoo fulani, msamehe hili, mfanyie hivi. Tatizo ni kwamba flashi ya Kule haijawahi kuonwa na mtu wa kuisemea.

— Basi mimi nitaisemea, alisema.

Simu ya Kule ililia. Alipokea akiwa amesimama na kuinama, kwa hiyo tukajua ni upande wa ukweni. Alisema ndiyo senga mara nyingi. Alipokata alitujulisha kwamba chakula Karambi kimeshaiva, wazee wameshakaa, na Senga Ninsiima, kwa kuwa haoni mtu langoni, ameamua kupanda boda aje mwenyewe aone ni kitu gani kimewashika wakwe zake Bwera.

— Immy, dada yangu, alisema Kule. Nisaidie.

Kompyuta ilikuwa imekwama, Immy akaizima kwa kukibana kitufe mpaka ikakata pumzi, akaiwasha. Wakati inaamka, alisoma namba mbili alizozinakili kutoka kwenye yale maandishi meupe: moja ya ukoo wa flashi, moja yake mwenyewe. Akaziandika kwenye dirisha jeusi, na mwishoni akaongeza herufi moja tu. Alisema herufi hiyo maana yake ni kwamba huyu akitaja hesabu yake, ondoa moja, umpokee.

Akaichomeka. Tukaacha kupumua, maana kupuliza kulishakatazwa na hatukujua mpaka wake ni wapi.

Kamduara.

Kule alikaa chini pale alipokuwa, kwenye changarawe, na kanzu yake nyeupe. Hakuna aliyemkataza. Disko alinong'ona kwamba ni zile karanga. Afande alianza kusema kuwa kwenye geti la kiwanda wangekuwa wameshaita jenerali, nikamkanyaga. Immy alikuwa ameganda, anatazama mistari yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona ameng'ata mdomo. Kisha akasonya, safari hii akijisonya mwenyewe.

— Nimetanguliza jina mbele ya ukoo, alisema. Nimegeuza namba.

Akaizima tena, akaiwasha, akaandika upya, ukoo kwanza, jina baadaye, na ile herufi. Ukasha alishika bega la Kule. Salmah alizima jiko la mkaa, sijui kwa nini, labda lilikuwa linapiga kelele. Immy akaichomeka flashi ya kijani polepole kama anamvisha mtu pete.

Dirisha likafunguka. Ndani, faili moja, jina lake Alisi.

Hatukushangilia mara moja. Immy aliinua kidole tukae kimya, akainakili kwanza faili ile ndani ya kompyuta, na alipohakikisha imeshuka yote alimwashiria Disko. Disko akaunganisha waya, akafungua sauti, na zile spika nne zikakohoa, halafu jina la Alisi likatoka kwa ukubwa wa nyumba. Nadhani Kasindi walisikia. Lori la vitunguu lilisimama katikati ya barabara, dereva wake akateremka akaanza kucheza bila kuuliza ni wimbo wa nani. Boda walipiga honi. Afande alicheza gwaride. Salmah alicheza na birika kichwani, likiwa limejaa. Ukasha alicheza ile ya kwao ya kiuno, akiwa na kalio lenye vumbi la benchi, na Kule, Vumbi wetu, alisimama katikati yetu akilia na kucheka, akigongwa mgongoni na kila aliyepita.

Afande aliuliza kama sasa flashi imeadhibiwa.

— Flashi yenyewe haijaambiwa chochote, alisema Immy. Bado inaamini ina gunia namba nne. Tumeiachia heshima yake.

Katikati ya kelele hizo boda moja ilikata kona, ikasimama mbele ya pikapu, na nyuma yake aliketi Senga Ninsiima katika gomesi ya rangi ya dhahabu, mkoba mapajani, uso haujaamua. Disko aliteremsha sauti. Kule alijifuta uso kwa mkono wa kanzu, akamsogelea, akainama, akamsalimia kwa Kikonzo na kwa unyenyekevu wote aliozaliwa nao.

Senga alishuka. Alisema wimbo ameusikia tangu kule darajani, na jina amelisikia, ni zuri, ingawa mwimbaji anahitaji kupumua. Kisha akauliza, kwa utulivu, ni kitu gani kilichowaweka hapa wakati wazee wanapigwa na njaa.

Tulimweleza sote kwa pamoja. Afande alimweleza nidhamu, Disko alimweleza mafua, Ukasha alimweleza dwane, na Immy akatunyamazisha akamweleza vikombe. Senga alisikiliza akitazama vile vikombe vinne kwenye ubao. Aliihesabu sifuri kwa kidole.

— Kwa hiyo hiki kitu kinasema kina zaidi ya kilicho nacho, alisema.

— Kwa moja tu, senga, alisema Immy.

— Na hamkukirudisha kilikotoka.

— Hapana. Tumeiambia kompyuta iwe inaondoa moja, halafu ikikubalie.

Senga aliitikia kwa kichwa. Akaufungua mkoba, akatazama ndani, akaufunga. Kisha akamgeukia Kule.

— Wewe ulituambia nyumba yako ina vyumba vinne.

Ile nyumba tuliipiga lipu sisi wenyewe, mimi, Disko na Ukasha, na Afande alisimama mlangoni akitoa amri, kwa hiyo hesabu ya vyumba vyake tunaijua. Wimbo ulikuwa bado unaimba chini chini kwenye pikapu. Disko alinyoosha mkono, akauzima kabisa.

— Tuondoe ngapi? aliuliza Senga.

Immy, mwenye jibu la kila swali, alianza kukunja waya. Kule aliangalia viatu vyake, kisha akainua uso, akamtazama yule mama machoni.

— Kimoja, senga.

Senga Ninsiima alirudi kwenye boda. Alipanda, akaikusanya gomesi yake vizuri chini ya mapaja, halafu akajisogeza mbele mpaka akagusana na mgongo wa mwendeshaji, akaacha nyuma yake nafasi ya kumtosha mwanamume mmoja mwenye kanzu.

— Kimoja tu? aliuliza.

Sote tulichukua vikombe vyetu, tukanywa, vikiwa vitupu.